Mstari wa Pili

Malale alikuwa amesimama juu ya kichuguu, miguu ameitanua kidogo, mkono wa kulia ameunyoosha juu ukiwa umeshika antena. Aliizungusha polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Kaskazini hakukuwa na kitu, ni mchakacho tu masikioni, kama mtu anapepeta pumba mbali. Mashariki, mchakacho. Alipofika kusini-mashariki ikaanza: tk. Kimya. Tk. Kimya. Tk.

Hakusimama hapo. Mtu mwenye haraka husimama pale sauti inapokuwa kubwa, akasema nimempata, kumbe amekosea kwa upana wa kijiji kizima. Malale aliendelea kugeuka mpaka sauti ikafa. Akasoma dira, akaandika. Akarudi nyuma, akaipita ile sauti mpaka ikafa upande wa pili, akasoma tena, akaandika. Kisha akagawanya katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na hakufundishwa na mtu. Aliipata mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi, baada ya kukosea mara nyingi. Kati ya kufa na kufa, hapo ndipo alipo.

Akashuka, akatandaza ramani juu ya kiti cha pikipiki, akaweka rula, akachora mstari kwa penseli. Mstari ulitoka kwenye kichuguu, ukaikata mbuga yote ya malisho, ukapita nyuma ya kitongoji cha Igongwe, ukavuka korongo la Misufi, ukaishia kwenye vilima vya hifadhi. Mahali fulani juu ya mstari huo alikuwepo simba jike mwenye kola shingoni, ile iliyokuwa ikitoa tk. Angeweza kuwa mwendo wa nusu saa, angeweza kuwa mwendo wa siku nzima. Mstari mmoja hausemi. Ili ujue, unakwenda mahali pa pili, kwenye josho bovu la kuogeshea ng'ombe upande wa Kasekese, unapima tena, unachora mstari mwingine. Mistari inapokatana, ndipo alipolala.

Ile antena ilikuwa ya chuma chepesi, uti mmoja na mbavu tatu zilizotoka huku na huku. Watu wa Igongwe waliiita mfupa wa mgebuka, kwa sababu migebuka, wale samaki wa ziwani, huletwa ikiwa imekaushwa kutoka Karema mpaka soko la Mpanda, na hakuna asiyejua mifupa yake inavyokaa. Malale hakuwahi kukasirika kwa jina hilo. Mwaka wa tano sasa alikuwa akiubeba mfupa huo kwa niaba ya mradi mmoja wa wanyama, na kazi yake ilikuwa fupi kuieleza: kila siku ajue simba yuko wapi, na kila jioni azipigie simu kaya tisa za Igongwe kuziambia kesho wasichunge upande gani.

Aliinua kichwa. Mtu alikuwa anakuja.

Alikuwa Hana, mke wa mdogo wake wa tumbo moja, Nathanael. Alipita kwenye nyasi zilizoungua akiwa mikono mitupu, bila ndoo, bila mtoto mgongoni. Mwanamke wa Igongwe hatembei mikono mitupu saa tisa za mchana mwezi wa Septemba, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya maji. Alisimama mbali kidogo, akangoja Malale avue vile vidude vya masikioni.

"Shemeji," alisema, "mdogo wako yuko na wewe?"

"Hapana."

"Basi nimekwisha."

Alieleza akiwa amesimama vilevile. Nathanael aliondoka mchana pamoja na Nashon wa nyumba ya pili na vijana wawili wa mama Specioza. Alisema wanafuata ndama aliyepotea. Lakini ndama wote walikuwepo. Hana aliwahesabu mara mbili. Alipoingia ndani kuangalia ukutani, mkuki wa baba mkwe haukuwepo, na kibuyu cha samli kilikuwa wazi. Samli hiyo ilipakwa kwenye chuma, si kwenye ugali.

Malale aliikunja ramani kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. Hakushtuka sana. Tangu siku kumi na moja zilizopita alikuwa akiingoja habari hiyo, ila hakujua itakuja na miguu ya nani.

Siku hiyo ya kumi na moja nyuma, simba alimchukua Sheria. Sheria na Karani walikuwa maksai wa Nathanael wa kulimia, jozi iliyofundishwa pamoja tangu wakiwa wadogo. Sheria wa kushoto, Karani wa kulia. Mvua zilikuwa zimebakiza mwezi. Ng'ombe mmoja havuti plau, na kumfundisha mwingine ni kazi ya msimu mzima. Kila asubuhi Karani alitoka zizini, akaenda mwenyewe mpaka ilipolazwa nira, akasimama upande wake wa kulia, akaacha nafasi ya mwenzake. Nathanael alikuwa anamtazama mpaka mwisho, kisha anamrudisha zizini. Malale alikuwa ameliona hilo mara tatu.

"Umemwambia simba yuko wapi?" Hana aliuliza.

"Sijamwambia mtu."

"Sijasema umemwambia. Nauliza."

"Sijamwambia."

Hana alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa kidole gumba cha mguu, akakifuta. Kisha akasimulia yaliyotokea Jumapili kwenye mnada. Yeye alikuwa anauza karanga karibu na wachoma nyama, na wanaume walikuwa wamekaa nyuma yake. Nathanael aliwauliza mmoja mmoja: jana jioni kaka yangu aliwaambia nini? Nashon akasema, tuliambiwa tusivuke korongo. Kijana wa Specioza akasema, sisi tuliambiwa tusinyweshe bwawa la chini. Wa kaya ya juu akasema, sisi tuliambiwa tuko salama popote. Nathanael akasema, na mimi niliambiwa niuache mlima. Halafu akaokota mabua ya mahindi, akayalaza chini, bua moja kwa kila neno.

"Yakakutana," Hana alisema. "Hata mimi nilipogeuka niliona. Yamekutana Misufi, pale penye vichaka. Yote."

Malale alikaa kwenye kichuguu.

Miaka mitatu nyuma, kwenye mkutano wa kitongoji, alisimama mbele ya wazee na akatoa ahadi ambayo aliifikiria kwa wiki nzima kabla ya kuisema. Alisema: sitamwonyesha mtu simba, wala sitamficha mtu simba. Wazee waliipenda. Tangu hapo alijichunga. Hakusema yuko wapi. Alisema msiende wapi. Kila kaya aliipa neno lake, linaloihusu yenyewe tu, na aliamini neno dogo namna hiyo haliwezi kumdhuru mtu wala mnyama. Hakufikiria kwamba watu wanakaa pamoja. Kaya tisa zilizopewa maneno tisa ni kama antena tisa zilizosimamishwa juu ya vichuguu tisa.

Na elimu ya mabua ilikuwa yake mwenyewe. Mwaka jana baada ya mavuno, uani kwa Nathanael, mdogo wake alimuuliza inakuwaje chuma kijue alipo mnyama. Malale alifurahi kuulizwa. Alilaza bua moja, akalaza la pili, pale yalipokatana akaweka punje ya hindi. Nathanael alicheka akasema, kumbe ni hilo tu?

Mama yao, ambaye wote walimwita Mayu na ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga tu, siku ile alikuwa amekaa karibu akipukuchua. Alisema alipokuwa msichana alipenda kuwatazama sisimizi. Wakikutana njiani husimama, wakapapasana kwa zile nywele mbili za kichwani, vile vipapasio vyao, halafu kila mmoja akaenda zake akiwa anajua alichojua mwenzake. Hawasemi, Mayu alisema, lakini hakuna siri katika njia ya sisimizi. Malale aliyasikia maneno hayo kama hadithi ya mama mzee anayekumbuka utoto. Sasa yalimrudia, na yalikuwa mazito.

"Namba ya watu wa hifadhi ninayo," alimwambia Hana.

"Usiwapigie."

"Nisipowapigia?"

"Watamfunga, shemeji. Watamkuta na mkuki, watamfunga. Nitalima na nani?"

"Na simba akimwahi?"

Hana alifunga upya kanga yake kiunoni, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Malale alimwambia arudi nyumbani akateke maji, na simu yake ikilia apokee. Hakumwahidi kingine, kwa sababu hakuwa nacho.

Aliwasha pikipiki, akafuata njia ya ng'ombe kuelekea josho bovu.

Njiani alimwaza baba yao. Malale alikuwa na miaka minane baba alipoua simba, kabla hawajahama na ng'ombe kuja huku Katavi. Kwa Wasukuma wa wakati ule, na kwa wengine hata leo, aliyeua simba anayekula mifugo huzunguka boma kwa boma akicheza ngoma yake, na watu humshukuru kwa mbuzi, kwa nguo, hata kwa mtamba. Miezi miwili Malale alitembea nyuma ya baba akibeba kibuyu. Nathanael alikuwa bado tumboni. Yeye alikuja kuipata ngoma hiyo kwenye masimulizi tu, na kwenye masimulizi ngoma haina kilichobaki nyumbani.

Josho lilikuwa limekufa miaka mingi: ukuta wa saruji, shimo lililojaa majani, na mwimo wa mlango usio na mlango. Ndipo mahali pake pa pili pa kupimia, kila siku, saa kumi. Watu wote wa Igongwe walilijua hilo. Kwa hiyo alipokata kona na kuwaona wanne wamekaa juu ya ukuta, mikuki imeegemezwa nyuma yao, alielewa mara moja kwamba hakuwa amewakuta. Walikuwa wanamngoja yeye.

Alizima pikipiki. Wakasalimiana vizuri, kama ndugu na majirani. Nashon, mtu mnene asiyeacha utani hata msibani, alisogea kumpa nafasi ukutani.

"Karibu, mwenye mfupa wa mgebuka," alisema. "Leo tumekuja tule wote."

Vijana wa Specioza walicheka kidogo, wakaacha. Nathanael hakucheka. Alikuwa ameshika bua moja la mahindi, analivunjavunja vipande vya urefu mmoja.

"Pima, kaka," alisema. "Hatutakugusa, wala hatutakuuliza kitu. Wewe pima kama siku zote."

Hapo Malale akaona jinsi walivyolipanga. Mabua ya Jumapili yaliwapa Misufi, lakini Misufi ni korongo refu, na leo ilikuwa Jumanne. Walihitaji ya leo. Na ya leo haikuhitaji maneno. Antena ingeinuka, ingezunguka, ingerudi, ingetulia. Pale itakapoelekea, wao wangetazama tu. Halafu wangelala hapo joshoni mpaka alfajiri.

Aliwaza kuwadanganya. Lilikuwa jambo rahisi: angeielekeza antena magharibi, akatikisa kichwa kama anayesikia, akaandika namba. Lakini magharibi kulikuwa na nini? Hakujua. Angewatuma watu wanne wenye mikuki kwenye kichaka ambacho yeye mwenyewe hajakipima, na huyo jike, ambaye mwezi wa saba alionekana na watoto watatu, huenda amehamia huko huko. Tena kile chuma hakuwahi kukisemesha uongo. Hata pale alipokosea, alikosea kwa kweli.

Na hata angewadanganya wengine, Nathanael asingedanganyika. Tangu utotoni alikuwa akimsoma kaka yake usoni. Walipokuwa wakichunga, Malale akiona nyoka, Nathanael alisimama kabla hajaambiwa.

Angeweza pia kuondoka bila kupima. Lakini kesho asubuhi watoto wa kaya tisa wangetoa ng'ombe kwenda upande wowote, na mmoja wao angekwenda upande ule ule aliko simba.

Aliketi ukutani kati ya Nashon na Nathanael. Antena aliilaza mapajani, mbavu zake zikiwa juu. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa namba za simu, akatoa simu. Pale joshoni mtandao ulikuwa unashika vizuri. Mnara ulionekana mbali, mwembamba, juu ya miti.

"Hujapima bado," Nathanael alisema.

"Sijapima," Malale alikubali.

Akapiga kaya ya kwanza. Alimsalimia mzee wa nyumba, akamuuliza hali ya mguu wake, akamwambia kesho wasitoe ng'ombe zizini. Mzee aliuliza upande gani. Malale akamjibu pande zote. Mzee akauliza, simba yuko wapi basi?

"Sijui, baba. Leo sijui. Nina mstari mmoja tu, na umepita malisho yetu yote."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli aliweza kuisema kwa sauti yake ya kawaida. Akaweka alama ya penseli kwenye daftari, akapiga kaya ya pili. Mke wa Nashon alipokea. Nashon alimsikiliza mke wake kupitia simu ya mtu mwingine, uso wake umekuwa kama wa mtoto aliyejificha. Kaya ya tatu. Ya nne. Kila mmoja aliuliza upande gani, na kila mmoja aliambiwa neno lilelile. Wa nne alikasirika, akasema siku ya kutotoka ni siku ya kuteka maji kwa ndoo, Malale anajua ng'ombe mmoja anakunywa ndoo ngapi? Malale akasema anajua. Akaomba radhi. Akaweka alama.

Wanaume walianza kutazamana. Neno moja kwa kaya zote halina mabua ya kulaza.

Alipofika ya sita, simu ya mkubwa wa vijana wa Specioza ililia. Mama yao alikuwa Mfipa aliyeolewa Igongwe akafiwa na mume huko huko, na sauti yake haikuhitaji kuwekewa spika.

"Nimeambiwa kesho ng'ombe hawatoki," alisema. "Ng'ombe arobaini na sita, kisima kimoja, kamba moja. Nyie mko wapi?"

"Tunafuata ndama, mama."

"Ndama wa nani? Wangu wote nawaona. Njooni mlale hapa, saa kumi alfajiri nataka mtu kisimani. Msipokuja nitateka mwenyewe, halafu mje mnizike mkitoka kwa huyo ndama wenu."

Kijana alishusha simu, akatazama mkuki, akamtazama Nathanael. Kijana wa pili alikuwa tayari amesimama. Waliaga kwa heshima, wakaondoka mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia ya ng'ombe, mikuki mabegani kama majembe.

Nashon alikaa dakika chache zaidi. Mke wake alipopiga mara ya pili, alisimama, akajipangusa vumbi la saruji.

"Nathanael, simba anaweza kuningoja," alisema. "Mke wangu hawezi."

Akaenda. Walibaki ndugu wawili, na jua limeanza kuwa jekundu upande wa ziwa. Malale alipiga ya saba na ya nane, akaweka alama. Kwenye ukurasa ilibaki kaya ya tisa. Aliitazama namba ile, ambayo aliijua kwa kichwa, akaipiga.

Simu ikalia kwenye mfuko wa shati la Nathanael, hapo hapo, umbali wa mkono.

Nathanael aliiacha ilie. Ilipokaribia kukatika akaitoa, akaiweka sikioni, huku anatazama shimo la josho.

"Haloo."

"Kesho msitoe ng'ombe," Malale alisema ndani ya simu.

"Upande gani?"

"Pande zote."

"Karani ni mmoja, hana pa kwenda." Nathanael alivuta pumzi. "Na hao wengine watakunywa nini?"

"Nitakuja saa kumi alfajiri. Tutateka wote."

Nathanael alikata simu, akabaki ameishika. Malale naye akairudisha ya kwake mfukoni, akaweka alama ya tisa. Ndorobo mmoja, yule nzi wa porini, alitua kwenye ubavu wa antena, akatembea mpaka nchani, akaruka.

"Umewarudisha wenzangu," Nathanael alisema.

"Ndiyo."

"Kwa ndoo za maji."

"Ndiyo."

"Ungewapigia wale wa hifadhi ingekuwa rahisi. Wangenichukua, ukalala usingizi wako."

Alichojua Malale ni kwamba namba ile aliifungua mara mbili njiani na akaifunga mara mbili, na hakuwa na hakika kwamba alifanya vizuri. Kama simba angemwahi mtu kabla hajafika joshoni, angejibu nini kwa Hana?

"Baba alipocheza," Nathanael alisema baadaye, "wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Malale alifikiri kwanza. Angeweza kusema ilikuwa ujinga wa zamani, kama wanavyosema kwenye semina. Lakini haikuwa hivyo.

"Ilikuwa nzuri," alisema. "Nzuri sana. Wanawake walitoka maboma ya mbali kuja kumtazama. Tulipewa mbuzi mpaka nikashindwa kuwaswaga. Sijaona tena siku baba alikuwa amesimama vile."

Nathanael alimgeukia.

"Halafu tukarudi nyumbani," Malale aliendelea. "Baba mdogo alikuwa uani. Mkono wake wa kulia, ule ulioraruliwa na simba siku ile ya mkuki, ulikuwa umeshonwa lakini umekufa. Alikuwa anajifunza kula kwa kushoto. Alipotuona alificha sahani nyuma ya mgongo, kama mwizi. Baba aliwaacha mbuzi wote pale nje, akaingia ndani, hakucheza tena."

"Mimi sikuambiwa hilo."

"Hakuna aliyeambiwa. Mimi niliona."

Jua lilishuka nyuma ya miti. Nathanael alikusanya vile vipande vya bua alivyokuwa amevunja, akavishika kiganjani, vyote vya urefu mmoja, kisha akavimwaga kwenye shimo.

"Mvua zikinyesha nitalima na nini, kaka?"

"Mchukue maksai wangu, Bwana Shamba."

"Bwana Shamba ni wa kulia."

"Najua."

"Karani naye ni wa kulia. Wote watasimama upande mmoja, watasukumana mpaka Karema."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na moja Malale kumsikia mdogo wake akitania, na hakucheka, asije akaukatisha utani huo.

"Mmoja wao itabidi ajifunze kushoto," alisema.

"Kwa mwezi mmoja?"

"Sijui. Tutajaribu."

Nathanael alisimama, akauchukua mkuki wa baba ukutani. Aliupangusa chuma kwa majani mpaka samli ikatoka, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto uso. Kisha akauliza lile ambalo Malale alikuwa analiogopa.

"Keshokutwa utatupigia nini? Huwezi kufungia ng'ombe kila siku. Ukituambia tena msiende huku, msiende kule, sisi tutakaa tena, tutalaza mabua. Nisipolaza mimi atalaza Nashon."

"Najua."

"Sasa?"

"Bado sina jibu," Malale alisema. "Kesho tukimaliza maji nitakuja hapa kupima. Nikishapima nitafikiri."

Alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku. Kwenye safu ya kichuguu kulikuwa na namba mbili na katikati yake. Kwenye safu ya josho hapakuwa na kitu. Kwa miaka mitano hakuwahi kuiacha safu hiyo wazi, hata siku aliyougua malaria. Aliandika kwa herufi zake ndogo zilizosimama: Haikupimwa. Akachomeka penseli hapo hapo ili kesho asipoteze ukurasa.

Siku zote antena aliifunga kwenye gunia nyuma ya kiti cha pikipiki. Leo nyuma palikuwa na mtu. Aliiviringisha ndani ya gunia, akasita kidogo, akampa Nathanael aishike.

"Usiiguse mbavu," alimwambia. "Zikipinda, inasema uongo."

Nathanael alipanda, mkuki mkono huu, lile gunia mkono ule, akalikumbatia kifuani. Malale akawasha. Taa ya pikipiki ilikuwa dhaifu, lakini njia ya kisima aliijua, na kabla ya kulala walikuwa bado na kamba ya kukagua na ndoo za kuazima.